Unaenda staji ya historia? Namna ya kuingiza wanafunzi mu leso (somo) bila kuwasomea kaye (daftari)

Kila staji (kipindi cha kujizoeza kufundisha) ikikaribia maswali ni yale yale, na karibu yote yanatoka kwa wale wa ISP, chuo cha walimu, wanaoingia klasi mara ya kwanza: nianze na nini, nifanye nini wasilale, na lile kubwa zaidi, "mimi napenda historia sana lakini nikiwa mbele yao naona wananiangalia sawa vile nawasomea fakitire ya umeme." Basi nimeamua kuandika yote mahali pamoja. Mifano ni ya Lubumbashi juu huku njo nafundisha, lakini kama uko Likasi, Bukavu ao Goma badilisha tu majina ya mahali, kazi ni ile ile.

Jambo moja uliweke kichwani kabla ya yote. Mapenzi yako ya historia hayawapiti wanafunzi kwa kuongea kwa nguvu, wala kwa kujua tarehe mingi. Yanawapita pale wanaposhika kitu mkononi na wako na swali ambalo jibu lake halijaandikwa ku tablo. Hatua zote hapa chini zinafanya kazi hiyo tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Programu ya mwaka ya klasi utakayopewa, na kaye ya mwanafunzi mmoja anayeandika vizuri (iombe, ipige picha). Programu inakuambia wanapaswa kuwa wapi, kaye inakuambia wako wapi kweli.
- Karata mbili: moja ya Kongo, moja ya mji. Ukikosa ya kununua, chora mwenyewe kwenye karatasi kubwa za kufungia vitu, zile za kahawia.
- Picha tatu ao nne za zamani, zilizotolewa kwa kubwa. Usitegemee telefone wala projektere, umeme hauna rafiki.
- Chaki zako mwenyewe, hata za rangi mbili. Usingoje za masomo (shule).
- Kaye yako ya kuandika majina ya wanafunzi na maswali yao.
- Ruhusa ya prefe (mkuu wa shule), kwa maandishi, kama unapanga kuwatoa nje. Hata kama ni kufika tu hapo barabarani.

Hatua ya 1. Kaa nyuma kwanza

Siku za obzervasio (kuangalia tu) watu wengi wanazitumia kuandika fishi (mpango wa leso) zao za kesho. Hapana. Kaa nyuma ya klasi uangalie wanafunzi, usimwangalie mwalimu peke yake. Andika ni wakati gani wanainua kichwa. Utaona mara nyingi ni pale mwalimu anatoka nje ya kaye na kusema kitu cha hapa, jina la kartie, jina la kampuni, "baba yenu walifanya kazi pale". Andika pia nani anaongea na nani haongei kabisa, utamhitaji huyo wa pili baadaye.

Hatua ya 2. Geuza titre ya leso iwe swali

Programu inakuandikia "Ukoloni wa Kibelgiji: mfumo wa uchumi". Hakuna mtoto wa miaka 14 anayeamka asubuhi akijiuliza juu ya mfumo wa uchumi. Lakini muulize: "Kwa nini wakoloni waliacha nafasi bila nyumba kati ya ville na Kamalondo?" Hapo kila mtu iko na la kusema, juu wanapita pale. Wengine watasema ni soko ilipaswa kujengwa, wengine ni rele. Halafu unawaeleza: Élisabethville (Lubumbashi ya leo) ilianzishwa mwaka 1910, jina ni la Elisabeth, malkia wa Wabelgiji, na miaka ya 1920 Kamalondo (walikuwa wanaiita Quartier Albert) ikawa mtaa wa Waafrika, na kati yake na mji wa wazungu iliachwa zone neutre, eneo tupu. Sababu waliyoisema ni afya, eti mbu wa malaria wasiruke kutoka kwa weusi kwenda kwa wazungu. Sasa uliza swali la pili: na wale maboi waliolala nyuma ya nyumba za wazungu, mbu wao walikuwa hawaruki? Nyamaza, ngoja. Utaona klasi inaanza kujifanyia kazi yenyewe, na yote yaliyo mu programu (ubaguzi, wafanyakazi, Union Minière, ile kampuni kubwa ya migodi ya wakati wa ukoloni) yataingia kupitia mlango ule.

Maswali mengine ambayo huku yanashika:

- Rele ilifika hapa mwaka 1910 ikitoka kusini, Rhodesia, na si ikitoka Léopoldville (Kinshasa ya leo). Kwa nini? (Mwanafunzi akiangalia karata vizuri atajibu mwenyewe, shaba ilikuwa inatafuta bahari, na njia iliyokwisha jengwa ilikuwa ile ya kusini.)
- Msiri, mfalme wa Bunkeya, alitoka wapi? Wengi watashangaa kusikia watu wake, Wayeke, asili yao ni upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, walikuja juu ya biashara ya shaba na pembe. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati wa safari ya kijeshi ya Stairs iliyotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II.
- Bomu iliyotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 inahusika nini na Likasi? Jibu ni Shinkolobwe. Uraniumu mingi ya Wamarekani ilitoka pale, na Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,200 za mawe yake New York tangu 1940. Hii sijaona klasi iliyolala nayo.

Swali moja kwa leso moja. Ukiweka matatu unarudi kwenye kusomea kaye.

Hatua ya 3. Tafuta kitu cha kushika

Picha ni nzuri, kitu ni kizuri zaidi. Jiwe la malakiti (lile la kijani lenye shaba). Msalaba wa shaba, hata wa kuiga ule wanaouza kwa wageni. Mpe mmoja ashike, apitishe. Halafu unawaambia kwamba misalaba kama hii ilizikwa na wafu huko Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, mamia ya miaka kabla mzungu hajafika, na kwamba wachimbaji wa mambo ya kale walipofungua makaburi yale mwishoni mwa miaka ya 1950 waliona kitu: kadiri miaka inavyokwenda, misalaba inakuwa midogo na inafanana kipimo. Waulize, kitu kikianza kufanana kipimo, watu wanakitumia nini? Kuna atakayesema "makuta!" na hapo umewafundisha jinsi mtu wa historia anavyofikiri bila kutaja neno metodi.

Kama huna kitu, tafuta mchoro. Lubumbashi iko na bahati, wachoraji wake wamechora historia kwa muda mrefu. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima, karibu tablo mia moja, miaka ya 1973 na 1974. Ukipata kopi ya moja, usianze kueleza. Uliza kwanza: "Nani amewekwa mukubwa hapa? Nani mudogo? Kwa nini mchoraji alifanya vile?"

Hatua ya 4. Andika fishi, lakini anza katikati

Fishi ni fishi, hautaikwepa: rapele (kukumbusha leso iliyopita), motivasio (kuwaamsha), kutangaza somo, analize (kazi yenyewe), sinteze (muhtasari wa ku kaye), aplikasio (zoezi). Enkadrere (anayekusimamia staji) ataiomba na yuko na haki. Ila usiijaze kutoka juu kwenda chini. Anza na analize, maana yake andika kwanza wanafunzi watafanya nini na kile kitu ama picha, kisha sinteze ya mistari mitano, na motivasio iandike mwisho. Motivasio za "Wanafunzi, nani alikula asubuhi?" ziache kabisa.

Kwa saa moja ya dakika 45 ao 50 gawanya hivi: dakika 5 za swali, 20 za wao kufanya kazi, 10 za kujadili, 10 za kuandika kaye. Kama ni 50, tano zilizobaki zitaliwa na kuita majina na kufuta tablo.

Hatua ya 5. Dakika za kwanza

Ingia, salimu, andika swali ku tablo kwa herufi kubwa, kisha funga mdomo. Kweli. Wewe ni stajiere, wanangoja uanze kutetemeka ao kupiga kelele, na kimya chako kitawashangaza. Chukua majibu hata ya kijinga, yaandike upande mmoja wa tablo bila kusema hii ni kweli ama ni uongo. Mwisho wa saa mnarudi pale kufuta yaliyoanguka.

Hatua ya 6. Wape sauti mbili zinazopingana

Hapa njo moyo wa kazi, na hapa njo stajiere wengi wanaogopa. Chukua tarehe 9 Desemba 1941. Wafanyakazi weusi wa Union Minière walikuwa wamegoma, vita ya Ulaya imepandisha bei, kazi imeongezwa, mshahara haufuati. Wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa mmoja wa viongozi wao, alikufa pale. Mpaka hapo hakuna ubishi. Lakini ni wangapi walikufa? Hesabu ya serkali ya wakati ule na hesabu wanayotoa wazee hazikutani hata karibu.

Gawa klasi. Upande mmoja upate maelezo yaliyotoka kwa wakubwa, upande mwingine simulizi ya wafanyakazi, kila kundi mistari sita ao saba, si zaidi. Kazi yao ni maswali manne tu: nani anaongea? aliona mwenyewe? anapata faida gani tukimwamini? kitu gani hasemi? Kisha mleta-habari wa kila kundi anasimama.

Wakianza kubishana usikimbie kuwaamulia. Mmoja atakuuliza, "Sasa mwalimu, bukweli ni gani?" Jibu zuri: tunajua hiki na hiki kwa uhakika, hiki hatukijui, na sababu ya kutokukijua ni kwamba waliokuwa wanaandika ni walewale waliokuwa wanaamuru. Hiyo ni historia, na mtoto wa quatrième anaielewa vizuri kuliko unavyofikiri.

Angalia: sauti mbili haimaanishi kwamba zote ziko sawa sawa. Karatasi ya polisi na kumbukumbu ya mjane zinapimwa zote, hakuna inayopita bure.

Hatua ya 7. Fikiri kwa Kiswahili, andika kwa Kifaransa

Rasmi sekondere ni Kifaransa na egzamen ni Kifaransa, tunajua. Lakini ukilazimisha mjadala kwa Kifaransa peke yake, wataongea watoto watatu wa mbele na hao wengine 50 watasoma midomo yako. Acha wajadili katika makundi kwa Kiswahili chao cha hapa, kile cha "tulikuwaka" na "beko banasema". Ripoti ya kundi waitoe kwa Kifaransa, wasaidie maneno. Sinteze ku tablo ni Kifaransa safi. Kama mwalimu anayekupokea hapendi, mweleze kabla ya leso, usimshtukize mbele ya wanafunzi.

Hatua ya 8. Watume kwa wazee

Deware (kazi ya nyumbani) ya kukopi kurasa mbili haimfundishi mtu. Mpe hii: nenda kwa mzee mmoja nyumbani ao mu kartie, muulize maswali matatu, andika jibu kama alivyosema. Maswali yawe mafupi. "Kambo, mulifika hapa Lubumbashi mwaka gani na mulitoka wapi?" "Kazi ya kwanza ilikuwa gani?" "Mulikuwa wapi siku walisema Katanga imejitenga?" (Hiyo ni 11 Julai 1960, Moïse Tshombe njo alitangaza, na iliisha Januari 1963. Hesabu miaka, anayekumbuka vizuri leo iko na miaka 70 na zaidi, kwa hiyo usichelewe na kazi hii.)

Wafundishe adabu zake kabla hawajatoka. Wasalimu, waseme wametumwa na masomo, wasikate maneno ya mzee, na akikataa wamshukuru. Mzee akilia ao akikasirika, kaye inafungwa.

Wakirudi utapata vitu ambavyo hakuna kitabu kimekupa: karatasi za pansio za Gécamines (kampuni iliyochukua nafasi ya Union Minière), beji za kambi, picha za kwaya. Mtoto akitoa majibu na kugundua kwamba babu yake na babu wa mwenzake waliletwa na kampuni ile ile, mmoja kutoka Kasai na mwingine kutoka Ruanda-Urundi (Union Minière iliandikisha watu kule tangu 1925), somo la "main-d'œuvre" limeisha kujifundisha lenyewe.

Orijinali zisifike masomo. Karatasi ya pansio ikipotea ni familia inakosa makuta. Picha ya telefone inatosha.

Hatua ya 9. Toka nje, hata kidogo

Ukiweza, Musée ya Lubumbashi. Ukishindwa, hata kutembea karibu na masomo: majina ya avenyu, tarehe iliyochongwa juu ya mlango wa kanisa, nyumba za zamani za rele. Shimine (bomba refu la moshi) na teri (kilima cha mabaki ya migodi) ya Gécamines waonyeshe kwa mbali, inaonekana karibu kutoka kila upande wa mji. Usiwapeleke kupiga picha pale karibu, walinzi hawachezi na wewe ni mgeni wa masomo ya watu.

Shilatembo, mahali Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito waliuawa usiku wa 17 Januari 1961, iko upande wa barabara ya Likasi, ni safari ya kupanga na wazazi na prefe. Ukikosa njia, tumia 2022: wanafunzi wengi wanakumbuka, ao wamesikia, jino la Lumumba lilirudishwa na Ubelgiji mwezi wa sita na sanduku likapitishwa Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Anza na jino, rudi nyuma mpaka 1960. Hii leso inajiendesha.

Makosa ambayo yanarudi kila staji

Kufundisha kila kitu unachokijua. Umesoma Msiri miaka mitatu, unataka kumtoa wote kwa saa moja. Acha. Bakisha, watakuuliza.

Kufanya historia iwe ya mashujaa na mashetani. Wanafunzi wanapenda, na wiki mbili baadaye hawakumbuki kitu isipokuwa nani alikuwa mbaya.

Kuingia mambo ya makabila bila kujitayarisha. Hii isome mara mbili. Mu klasi yako kuna watoto ambao familia zao zilifukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993 kwa sababu ni Wakasai, na wamekaa benchi moja na wajukuu wa waliobaki. Ukifundisha secession (kujitenga kwa Katanga) ao miaka ile, usiseme "Wakasai walifanya", "Wakatanga walifanya". Taja watu, taja vyama, taja tarehe. Na bendera ya Katanga na misalaba yake mitatu ieleze kwa mdomo, usiichore ukutani wala usiwape waichore, watu wamepata matata kweli juu ya kitambaa hicho, na 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia nayo mpaka mjini.

Kusoma simu mbele ya wanafunzi kutafuta tarehe. Andika kikaratasi.

Ikikwama

*Klasi kimya kabisa.* Swali lako ni kubwa mno. Badala ya "kwa nini ukoloni", uliza "unaona watu wangapi kwenye picha hii, nani amevaa viatu?" Yule asiyeongea, uliyemwandika ku obzervasio, muulize swali la kuhesabu tu. Akijibu moja atajibu la pili.

*Wako 70 na picha ni moja.* Piga makundi ya benchi mbili mbili, picha ipite dakika mbili mbili huku wengine wanafanya swali la karata. Ama chora kitu kikuu ku tablo mapema, kabla hawajaingia.

*"Mwalimu, hii itatoka ku egzamen?"* Usikasirike, Exetat (egzamen ya serkali) ni maisha yao. Waonyeshe: chukua swali la kuchagua jibu, la aina ile ya kiltire jenerale, juu ya leso mliyofanya, wajibu wenyewe. Likiwa sawa hawataliuliza tena, ao wataliuliza kwa sauti ndogo.

*Umeulizwa na hujui.* Sema "sijui, naandika", andika kweli kwenye kaye yako, na leta jibu saa inayofuata. Usipoleta, umeisha.

*Mwalimu anayekupokea anasema michezo hii inapoteza wakati.* Yuko na programu ya kumaliza, mwelewe. Omba saa moja tu, mwonyeshe fishi iliyo na sinteze ileile anayoitaka ku kaye. Mara nyingi wanachoogopa ni kaye tupu siku enspekteri akipita.

*Wazazi wanalalamika juu ya deware ya wazee.* Kuna nyumba ambapo mambo ya zamani hayaguswi. Weka kila mara njia ya pili: mwanafunzi anaweza kumuuliza jirani, shemasi, muuzaji wa zamani wa soko, ao kueleza kitu kimoja cha zamani kilichoko nyumbani.

*Makelele yamepita kiasi ku majadiliano.* Piga tablo mara moja, sema "andikeni sentensi moja, dakika mbili". Kuandika kunanyamazisha kuliko kufoka. Mwambie pia jirani wa klasi ya pembeni mapema kwamba leo mtakuwa na mjadala, asije akakuita kwa prefe.

*Saa inaisha na sinteze haijaandikwa.* Kata mjadala, andika mistari mitatu ku tablo: tulichoulizwa, tunachokijua, tusichokijua. Nyingine wataandika kesho kwa rapele. Na kuhusu kote (pointi utakazopewa), usiniulize mimi, kila seksio iko na grili (karatasi ya kupima) yake, iombe kwa enkadrere wako kabla ya leso ya kwanza, siyo baada.